Kura ya Mdomo au ya Sanduku?

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa nyama kabla hawajalisoma, nitawakumbusha upesi, maana aibu yangu haipendi kungojeshwa.

Mimi ni Mathenge, mwalimu wa darasa la nane hapa Nyeri. Mwaka huo wa tisini na tisa nilikuwa nafundisha mchana, na jioni, nikishavua tai, naingia kibandani kwa Mama Beth pale mtaani Skuta kucheza gemu za video pamoja na makanga wa matatu na mafundi wa viatu. Mwalimu mkuu hakujua. Mke sikuwa naye, kwa hiyo hapakuwa na mwingine wa kunikataza.

Niliwaambia pia kwamba nilikuwa naandika habari za gemu katika Kipaza cha Mlima, kile kigazeti cha kila Ijumaa, kwa jina la kujificha: Kidole Gumba. Mama Beth, ambaye jina lake ni Wakonyo, alinunua Nanyuki sidii moja isiyo na jalada, iliyoachwa na mwanajeshi mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Niliicheza, nikaipenda, nikaisifu gazetini. Na sentensi moja tu ya sifa hizo ikampeleka Mama Beth korokoroni.

Nilitaka kusema: "Saa ya kula ikifika, walinzi wanaacha sanduku, naye anaingia kimya kimya na kuliiba."

Gazeti likasema: "Saa ya kura ikifika, walinzi wanaacha sanduku, naye anaingia kimya kimya na kuliiba."

Herufi moja. Na wodi yetu ilikuwa karibu kufanya uchaguzi mdogo wa diwani.

Bwana Kihara, mgombea mwenye kofia pana na sauti pana zaidi, aliisoma sentensi hiyo kwenye mkutano wake, akaisoma tena, kisha akasema wapinzani wake wana shule ya kuwafunza vijana kuiba masanduku ya kura, na shule hiyo iko Skuta, na mwalimu wake ni mama mjane. Kesho yake polisi wakabeba televisheni, mashine, sidii na mama mwenyewe.

Mpaka hapo tulifika pamoja. Wengi mmeniandikia. Wengine mmeuliza kama kweli gemu hiyo inafundisha wizi. Wengine mmemtukana yule msichana mpiga chapa wa Kipaza, kwa sababu niliwaambia yeye ndiye aliyekosea.

Nitaanza na gemu, kwa sababu ndiyo rahisi.

Pale kwa Mama Beth tuliiita Kimya. Jina lake la kizungu lilikuwa refu na hakuna aliyelikumbuka. Ndani yake kuna baba mmoja, aliyewahi kuwa mlinzi katika ngome iliyojaa theluji, na mtoto wake ni mgonjwa. Dawa iko kwenye sanduku ndani ya ngome. Baba anatakiwa kuingia, achukue sanduku, atoke. Asionekane, asisikike. Hana jeshi nyuma yake, ana viatu vya raba tu.

Waliozoea gemu za ngumi na za magari waliichukia. Fundi mmoja wa viatu aliweka mikono kichwani.

"Hii ni gemu ama ni ibada ya kesha? Watu wanaongea tu! Mimi nimeripa kuona watu wakipiga stori?"

"Kimya!" Mama Beth akampigia kelele. "Mimi nataka kusikia huyo askari anasema nini juu ya mama yake."

Maana walinzi wa Kimya huongea. Ukijibanza nyuma ya pipa unawasikia wakilalamikia baridi, wakicheka, wakisoma barua za nyumbani. Unaweza kumuua mmoja ukipenda. Gemu haikugombezi. Ila ukifika mbele unakutana na mwanamke getini akimuuliza kila mtu kama amemwona mume wake, naye ni mke wa yule uliyemwua.

Siku ya kwanza nilipomwona mwanamke huyo niliweka chini kidude cha kuchezea, nikatoka nje kununua sigara. Huwa sivuti sigara.

Niliandika hayo yote gazetini. Niliandika kwamba hii ni gemu ya kwanza kunitia haya kwa jambo nililofanya kwa kidole tu. Hakuna aliyesoma hapo. Walisoma sanduku.

Basi, twende kituoni.

Jumatatu nilimpelekea Mama Beth chai na mkate. Koplo Miriti, kijana mpole kutoka upande wa Meru, aliniruhusu kuzungumza naye kwenye benchi la ukumbini. Mama Beth alikuwa amefunga kitambaa chake vizuri kama anayekwenda kanisani, lakini macho yalikuwa yamevimba.

"Mwarimu, asante kukuja. Beth ako wapi?"

"Yuko kwa dada yako. Amekula, amelala vizuri."

"Hawa watu wanasema ati nafunza vijana kuiba kura. Mimi! Hata kadi ya kura sina, iriungua na nyumba."

"Najua, Mama Beth."

"Wanasema wakinipeleka kotini, raisensi ya biashara inaenda. Hata mashine inaenda. Sasa nitarea Beth na nini?" Akakata mkate, akanipa kipande kikubwa mimi. "Hebu nikuambie kitu. Wewe unajua watu wa kusoma. Nitafutie huyu Kidore Gumba."

Nikakirudisha kipande cha mkate karatasini.

"Wa nini?"

"Akuje aseme ukweri. Yeye ndiye aliandika, yeye ndiye anajua alikuwa anasema nini. Mimi sitamfanyia kitu, Mwarimu. Naapa. Akuje tu aseme."

Ningemwambia pale pale. Nilikuwa na nafasi, na koplo alikuwa amegeuka akitafuta funguo. Lakini nilimwona mwalimu mkuu akilini, na bodi ya shule, na wazazi wanaopeleka watoto kwa mwalimu anayeshinda na makanga. Nikamwambia Mama Beth nitajaribu kumtafuta huyo mtu.

"Mungu akubariki," akasema.

Nilitoka kituoni nikichukia hata kivuli changu. Nikajiambia kuna njia nyingine: gazeti lisahihishe kosa. Mstari mmoja tu ukurasa wa kwanza, "Tulimaanisha kula," na mambo yaishe. Nikapanda ngazi hadi ofisi ya Kipaza.

Mhariri, Bwana Griffins, alinipokea kama bwana harusi.

"Kidole Gumba! Kaa, kaa. Unajua tumeuza mpaka ile ya kufunga mandazi? Karatina wanataka ingine. Nimekuwekea nusu peji kila wiki."

"Bwana Griffins, kuna mama yuko ndani kwa sababu ya neno moja. Tusahihishe."

Tabasamu lake likapungua.

"Nikisahihisha, lazima niseme kosa ni la nani. Wakili wangu amesema hivyo. La mwandishi ama la typist? Nimeuliza Warigia. Anasema wewe ulipopiga simu, alikuuliza ni neno gani, na ukamjibu. Ni kweli?"

Warigia ndiye huyo mpiga chapa. Alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Taipureta ilikuwa imenyamaza.

Sasa nije kwa jambo ambalo wiki jana niliwaficha.

Siku ya kutoa habari ile nilikuwa Nanyuki na wanafunzi wa riadha. Nafasi ya kupeleka karatasi ofisini haikuwepo, kwa hiyo niliingia kibanda cha simu karibu na barabara kuu, nikaanza kumsomea Warigia maneno naye akiyapiga chapa. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu. Mzee mmoja alikuwa anagonga kioo kwa sarafu. Simu nayo ilikuwa inalia ile milio yake ya kusema imemaliza kula sarafu.

Niliposoma, "Saa ya kula ikifika, walinzi wanaacha sanduku," Warigia akanikatiza.

"Pole, mwalimu. Hiyo kura ni ya mdomo ama ya sanduku?"

Msichana alifanya kazi yake. Anatujua watu wa huku. Ulimi wetu haubagui herufi hizo mbili, na mtu asipouliza anaweza kukuandikia umekula uchaguzi na kupigia ugali kura.

Lakini mimi, kwa haraka na kelele za kioo, nilisikia neno sanduku tu. Nikadhani anauliza walinzi wanaacha nini.

"Ya sanduku!" nikapaza sauti. "Ya sanduku, ya sanduku! Endelea!"

Akaendelea.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Aliuliza. Nikajibu. Na wiki jana nikawaandikia ninyi kwamba mpiga chapa alisikia vibaya, mkamtukana kwa barua zenu, nami nikazisoma barua hizo nikinywa chai. Niwieni radhi, kama mnaweza.

Turudi ofisini. Griffins alikuwa ananitazama.

"Ni kweli alikuuliza?"

Nikasikia kiti cha Warigia kikisogea. Alikuwa anasubiri niseme ndiyo. Ni neno fupi, hata ulimi wa Nyeri hauliharibu.

"Hakuniuliza," nikasema.

Griffins akashusha pumzi, kama mtu aliyepunguziwa kazi.

"Warigia! Kuja hapa."

Alikuja. Ni msichana mrefu, wa maneno machache, sweta ya kijani. Hakunitazama.

"Umesikia. Mwalimu anasema hukuuliza. Umetuletea kesi. Chukua vitu zako."

"Na kusahihisha?" nikauliza, kama vile hilo lingenisafisha.

"Nitaona baada ya uchaguzi," Griffins akasema. "Habari ikiwa moto huwezi kuimwagia maji."

Kwa hiyo nilikuwa nimemuuza msichana wa watu bila hata kupata nilichokwenda kununua.

Warigia alirudi mezani kwake. Akafunika taipureta kwa kifuniko chake, akavuta pembe zake zikakaa sawa, akachukua mkoba, akashuka ngazi. Mlango aliufunga polepole. Angeubamiza ningepata nafuu.

Kesho yake baada ya shule nilimtafuta. Anakaa Skuta vilevile, nyumba za nyuma, na mama yake. Nilimkuta nje akipepeta maharagwe. Hakusimama.

"Karibu, mwalimu."

"Warigia, nimekuja kuomba msamaha."

"Kwa nini? Si nilikosea?"

"Hukukosea. Uliuliza."

Ungo ukasimama. Akanitazama mara ya kwanza tangu ofisini.

"Kumbe unakumbuka. Mimi nilikuwa nafikiria umesahau kweli. Usiku nilikuwa nasema, labda hakunisikia, labda anafikiria hakuna mtu aliongea." Akaanza tena kupepeta. "Ulikumbuka pale pale ofisini?"

"Nilikumbuka."

"Sawa."

Maharagwe yalikuwa yanaruka na kurudi. Nilimwambia nitakwenda kwa Griffins kesho, nitasema ukweli, kazi yake itarudi. Nilimwambia pia habari za Mama Beth. Nilisema nitajitaja polisi.

"Ukijitaja, headmaster wako atafanya nini?"

"Atanifuta kazi."

"Basi nyamaza."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Jeniffer wetu ako kwa class yako," akasema. "Ni dada yangu mdogo, wewe hukujua. Anakaa mbele, yule wa miwani. Mwaka jana alikuwa anapata hesabu mbaya mpaka mama akataka akuje auze mboga. Saa hii anapata mzuri. Mtihani ni Novemba. Ukifutwa, wataleta nani?"

"Warigia, hiyo si haki."

"Haki iko wapi? Mimi nimepoteza taipureta. Yeye asipoteze shule. Usinisemeshe tena, mwalimu. Enda usahihishe vitabu."

Mama yake akatoka mlangoni, akaniuliza kama nitakunywa uji. Warigia akajibu kabla yangu kwamba mgeni ana haraka.

Jioni hiyo nilisahihisha vitabu. Cha Jeniffer kilikuwa na hesabu zote sawa. Nilikiweka juu ya vingine, kisha nikakiweka chini, kisha nikaona kama kinaniangalia nikakifunika kwa magazeti.

Lakini Mama Beth bado alikuwa ndani, na ni hapo nikapata lile wazo nililolifurahia sana, kwa sababu lilikuwa wazo la mwoga. Ningemwokoa bila kujitaja.

Asubuhi niliomba ruhusa shuleni, nikasema jino linaniuma. Nikaenda moja kwa moja kwa OCS, mkuu wa kituo. Huyu alikuwa mtu wa Pwani, mpya huku, Kiswahili chake kimenyooka kama kamba ya nguo.

"Afande, mashine na sidii viko hapa kama ushahidi. Viwashwe. Muone wenyewe kama kuna kura."

Akanitazama juu ya miwani.

"Na wewe ni nani katika jambo hili, bwana mwalimu?"

"Ni jirani wa mama huyo. Naijua gemu yenyewe."

"Mwalimu, na unacheza hivi vitu?"

"Kidogo tu, afande."

Alicheka, lakini akakubali. Akamwita Bwana Kihara aliyeshtaki, akamwita Bwana Griffins aliyechapisha. Saa za mchana tulikuwa sote katika ukumbi wa kituo. Televisheni ya Mama Beth ilikuwa juu ya meza ya ripoti, na Mama Beth mwenyewe, akiwa na pingu mkononi, ndiye aliyemwelekeza Koplo Miriti waya gani uingie wapi.

"Si hapo, kijana yangu. Hiyo nyekundu. Utaniunguzia kitu."

Griffins aliingia, akaniona, akafumba jicho moja. Alikuwa ananiambia siri yangu iko salama kwake. Nusu peji kila wiki.

Nikakaa kwenye kiti, nikashika kidude, nikaanza.

Theluji ikaanguka. Baba yule akaingia ngomeni. Nikajibanza nyuma ya pipa. Walinzi wawili wakawa wanazungumza kwa kizungu, nami nikawatafsiria.

"Huyu anasema mama yake amemwandikia barua, ng'ombe wao amezaa."

"Ng'ombe aina gani?" Koplo Miriti akauliza.

"Hawasemi."

Bwana Kihara akakohoa. "Tunangoja masanduku."

"Ngoja, mheshimiwa," OCS akasema, naye alikuwa amesogeza kiti chake mbele. "Usituharibie. Mwalimu, huyo wa kulia atakuona. Angalia taa!"

Polisi wa zamu walikuwa wamekusanyika nyuma yangu. Mmoja alisema mlinzi huyo ni mzembe, anaachaje lindo bila mwenzake kuja. Mwingine akasema hata hapa yako hayo, OCS akageuka, yule akanyamaza. Kisha kengele ya ngome ikalia, na walinzi wakaweka bunduki begani wakaelekea jikoni. Wakaketi. Wakachukua vijiko.

Sanduku likabaki peke yake, na msalaba mwekundu wa dawa juu yake.

"Sasa hapo wanafanya nini?" OCS akaniuliza.

Nilifungua mdomo kusema. Nikajua herufi ninayotaka. Niliikaza, nikaisukuma kwa ulimi.

"Wanakura, afande."

Ukumbi mzima ukacheka, hata Mama Beth na pingu yake. OCS alivua miwani akafuta macho.

"Wanakula! Loo! Saa ya kula! Na sanduku ni la dawa!" Akamgeukia Bwana Kihara. "Mheshimiwa, wapiga kura wako wanakula supu."

Kihara alikuwa amevua kofia, akiizungusha mikononi. Nilimwonea huruma kidogo. Alikuwa amewapigia kelele watu wa soko zima juu ya bakuli la supu.

"Mfungueni mama," OCS akasema. "Na mpeni vitu vyake. Ila mniachie hii mashine mpaka jioni, nataka kujua kama mtoto anapona."

Koplo akamfungua pingu. Mama Beth alikuja mbio akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaubusu.

"Mwarimu! Mwarimu wangu! Umeniokoa wewe. Nani mwingine angekuja? Hao wengine wote walinikimbia. Wewe ni mtoto yangu kutoka leo."

Nilimwacha anishukuru. Niliwaza: imekwisha. Mama yuko huru, Jeniffer ana mwalimu wake, na Warigia nitamtafutia kazi mahali.

Ndipo Bwana Kihara akavaa kofia yake.

"Afande, mimi siondoki hivi hivi. Nimeaibishwa. Uchaguzi ni Jumatano ijayo, watu watanicheka mpaka kituo cha kura. Gemu haina makosa, sawa. Lakini kuna mtu aliandika kura. Huyo ni nani?"

OCS akaacha kucheka. Akafikiri.

"Hilo ni kweli. Habari ya uongo ya kutia watu hofu wakati wa uchaguzi ni kosa. Bwana Griffins?"

"Ni typist, afande," Griffins akasema bila kusita. "Nilishamfuta. Anaitwa Warigia, anakaa Skuta."

"Alikosea mwenyewe?"

"Mwandishi amethibitisha. Msichana hakuuliza."

"Mleteni."

Landirova ikatoka. Mkono wangu ulikuwa bado kwa Mama Beth, akiupapasa na kunisimulia Beth atakavyofurahi. Polisi mmoja aliomba ajaribu gemu, akaua mlinzi dakika hiyo hiyo, wenzake wakampigia makofi. Baadaye yule mwanamke akatokea getini akiuliza kuhusu mume wake, na makofi yakaisha.

Warigia aliingia na sweta yake ya kijani, mikono ina vumbi la maharagwe. Aliona televisheni. Aliona Griffins. Akaniona mimi, akatazama pembeni kama mtu aliyeona ukuta.

"Wewe ndiye uliyepiga chapa maneno haya?" OCS akamuuliza, gazeti mkononi.

"Ndiyo, afande."

"Mwandishi alisema kula au kura?"

"Alisema... kwa simu ni ngumu kusikia."

"Ulimuuliza?"

Alifuta vumbi la maharagwe mikononi.

"Sikuuliza," akasema.

"Na huyo mwandishi, Kidole Gumba, unamjua? Yeye akija akasema alichosema, labda mzigo utakuwa mwepesi kwako. La sivyo nakuweka ndani leo na kesho ni kotini."

"Simjui, afande. Sijawahi kumuona. Huwa anapiga tu simu."

Griffins alitazama dari. Koplo Miriti akamwelekeza Warigia kaunta, kwa upole wake, akamwambia cha kufanya. Kabla ya kuingia korokoroni unaacha mkoba, unaacha sweta, unavua kiatu. Warigia aliinama akaanza kufungua kamba. Soksi yake ilikuwa imeshonwa kisigino kwa uzi wa rangi nyingine.

Mama Beth alikuwa ameacha kuzungumza. Alimtazama msichana, kisha akatazama mlango wa korokoro alikotoka yeye muda si mrefu.

"Maskini," akasema. "Mtoto wa mtu. Anaenda kurarishwa kwa ile simiti kwa sababu ya mwoga mmoja."

OCS akapaza sauti.

"Nauliza mara ya mwisho. Yuko yeyote humu ndani anayemjua huyu Kidole Gumba?"

Warigia, ameinama vilevile, alinitikisia kichwa. Kidogo sana. Hapana. Kiatu kilikuwa tayari mkononi mwake.

"Mimi namjua, afande," nikasema.

Watu wote wakageuka. Griffins akasema, "Wewe!" kwa sauti ya chini. Bwana Kihara akasogea karibu. Mama Beth peke yake ndiye aliyefurahi. Akanikaza mkono zaidi, uso wake ukang'aa, akaniinamia sikioni.

"Nirijua utampata," akaninong'oneza. "Sema, Mwarimu. Usiogope. Mimi niko hapa na wewe."